Ushauri wa kazi shuleni uanzie mtoni, si siku ya selfomu (uzi mrefu, walimu na wazazi karibuni)

Wakuu, habari za jioni. Mwenye haraka aupitie uzi huu kesho akiwa ametulia, maana ni mrefu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya kata wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, na huu ni mwaka wa sita nimebeba pia kazi ya malezi na ushauri nasaha. Nimeamua kuandika baada ya kumaliza kuwajazisha kidato cha nne selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano na vyuo.

Walimu wenzangu siku hiyo mnaijua. Watoto zaidi ya tisini, kompyuta moja ya ofisini, mtandao unakuja na kuondoka. Kila anayekaa mbele yangu namuuliza anataka kusomea nini. Daktari. Nesi. Mwalimu. Mwanasheria. Mwanajeshi. Naangalia matokeo yake ya moko (mtihani wa majaribio), naangalia masomo aliyobaki nayo, kisha namwambia taratibu kwamba hapo hapafikiki, tutafute pengine. Dakika sita kwa mtoto mmoja, na hizo ndizo tunazoziita ushauri wa taaluma.

Mwaka juzi alikaa mbele yangu binti ambaye baba yake mdogo anasoma geji ya mto. Kwa wasioijua, ni ubao wenye namba uliosimikwa ukingoni, karibu na daraja, na mtu wa hapo kijijini hupewa posho kidogo aende asubuhi na jioni kuandika maji yamefika wapi. Baba mdogo akisafiri, daftari lilikuwa la binti. Ameifanya kazi hiyo tangu darasa la sita. Alinieleza, tena bila kuulizwa, kwamba maji yakipanda alfajiri wakati huku bondeni ni kukavu, mvua imenyesha juu milimani Kipengere, na kwamba akiangalia rangi ya maji anajua kama yametoka kwenye mashamba yaliyolimwa au msituni. Nikamuuliza amechagua nini. HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na chini yake vyuo vya ualimu. Fizikia na Kemia aliziacha alipoingia kidato cha tatu. "Ni ngumu, mwalimu, halafu sikujua zitanisaidia nini."

Nilikosa la kusema. Alichokuwa akikifanya tangu ana miaka kumi na miwili kinaitwa haidrolojia, elimu ya mwenendo wa maji. Chuo cha Maji pale Ubungo kinakifundisha, pamoja na uchimbaji wa visima na upimaji wa ubora wa maji maabara. Mtoto wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa sayansi anaingia moja kwa moja, hahitaji kidato cha sita. Hakuna aliyewahi kumwambia hayo, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Hapo ndipo nilipoona kosa letu lilipo. Tunakazana na selfomu, lakini mlango huwa umeshafungwa miaka miwili nyuma. Kwa utaratibu tuliokuwa nao, mtoto akimaliza kidato cha pili anaamua kubaki na Fizikia na Kemia au kuziacha. Anaamua kwa kumwogopa mwalimu, kwa kumfuata rafiki, au kwa sababu shule haina maabara. Ana miaka kumi na tano. Akishaziacha, maji, hali ya hewa, misitu, umeme wa jua, maabara, karibu vyote vimemponyoka, na hajui kwamba vimemponyoka. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi (michepuo ya masomo ya kidato cha tano) kutoka 16 hadi 65, na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, nao umeanza. Ni jambo jema. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuoneshwa kazi yenyewe, ukimpa tahasusi 65 ataendelea kuchagua kwa masikio.

Sasa kwa nini nasema mtoni. Wilaya yetu ndiyo bonde la Usangu. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera inashuka milimani, inapita kwenye skimu za mpunga, inaingia kwenye ardhi oevu ya Ihefu, na kinachobaki ndicho Ruaha Mkuu. Maji hayo yanapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanaingia bwawa la Mtera ambako kuna mitambo ya megawati 80, yanashuka Kidatu kwenye megawati 204, na mwisho yanaungana na Rufiji kuelekea Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakabaki wamesongamana kwenye madimbwi ya tope. Mkulima wa Ubaruku, mfugaji, mtu wa hifadhi na wewe unayechaji simu Dar es Salaam, wote mnavuta kamba moja. Watoto wangu wanaishi pale kamba inapoanzia. Kwenye Jiografia wanajibu swali la "taja athari tano za uharibifu wa mazingira" na kupata alama zote. Kwenye selfomu wanaandika daktari. Hayo mawili hayajawahi kukutana kichwani mwao kwa sababu sisi walimu hatujawahi kuyakutanisha.

Tulichojaribu ni hiki. Muhula wa kwanza, kidato cha pili, kabla hawajachagua masomo, tunatembea. Hatuna basi wala fungu, tunatembea kwa miguu kufuata mfereji.

Tunaanzia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Pale yupo mzee wa zamu anayefungua na kufunga geti kwa mgao. Watoto wanamuuliza nani alimpa mamlaka hayo. Anawaeleza jumuiya ya watumia maji, anawaeleza kibali, kwamba chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 hakuna skimu inayochepusha mto bila kibali cha bodi ya bonde, na kwamba kibali kina kiwango. Mtoto mmoja akauliza: nani anapima kama tumezidisha? Swali hilo lina ajira tatu ndani yake. Yupo mpimaji, yupo anayechora na kujenga banio, yupo mwanasheria wa maji. Yule aliyekuwa anataka uanasheria aliinua kichwa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tukashuka kwenye majaruba ya mpunga. Mama mmoja anayelima kwa kilimo shadidi aliwaonesha: mche mmoja mmoja badala ya kichopo, ukiwa na siku 8 hadi 12, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na jaruba halifurikishwi muda wote, linaloweshwa, linaachwa likauke, linaloweshwa tena. Jirani yake wa jaruba la pili analima kwa mtindo wa zamani, maji yamesimama. Watoto waliona tofauti ya maji kwa macho. Nikawauliza nani alimfundisha mama. Bwana shamba. Bwana shamba alisoma wapi? Hapo nikawaonesha kwa mkono upande wa barabara kuu: Igurusi, chuo cha kilimo kinachofundisha umwagiliaji, wilayani kwao. Wanapita na daladala getini pale kila wakienda Mbeya mjini. Kati ya watoto arobaini na nane, wawili tu walikuwa wanajua kinafundisha nini.

Tukamalizia mkiani mwa mfereji, maji yanaporudi mtoni yakiwa yamebeba mbolea na dawa za magugu. Chini kidogo ya pale watu wanafua na watoto wanaoga. Sikusema mengi. Binti mmoja, ambaye mama yake ni mhudumu wa afya wa kijiji, alisema hapa ndipo magonjwa yanapoanzia, hospitali ni mwisho wake. Huyo bado anataka unesi, na asome unesi. Ila sasa anajua kuna afisa afya mazingira na kuna fundi maabara wa maji, na ana miaka miwili ya kufikiri.

Kuna jambo jingine lililonitoa jasho, na sitaki nilifiche. Tulipofika sehemu ya kuzungumzia uhifadhi, kijana wa familia ya wafugaji alisema mbele ya wenzake: "Mwalimu, ni ile kazi ya kutufukuza?" Darasa likawa kimya. Mnakumbuka wafugaji walivyoondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha. Kwa wewe uliye mjini neno hifadhi ni twiga kwenye kalenda. Kwa huyu kijana ni usiku ambao babu yake alihama na ng'ombe. Ukimpelekea kipeperushi kinachosema "soma uhifadhi, okoa mazingira" umemtukana.

Nilimjibu kwamba kazi za mazingira ni zaidi ya bunduki na sare. Nani anapanga kijiji kitenge wapi malisho na wapi mashamba? Mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji unatambuliwa kisheria, na wataalamu wake wanatoka vyuo vya ardhi kama Morogoro na Tabora. Nani anajua nyanda za malisho, majani gani yarudi baada ya miezi mingapi? Vyuo vya mifugo kama Mpwapwa na Madaba vinafundisha. Nikamwambia, ukikaa kwenye meza ile wewe uliyechunga, utaona ambacho mimi mtoto wa mwalimu sitakiona. Hakunijibu. Wiki mbili baadaye alikuja ofisini kuuliza Mpwapwa wanataka masomo gani.

La mwisho kabla sijawaachia. Acheni kuwapandisha watoto miti kama adhabu. Mchelewaji anachimba mashimo matano ya miti, mtoro anamwagilia bustani. Halafu tunashangaa mtoto mwenye akili akikimbia misitu na kilimo? Tumemfundisha kwa miaka minne kwamba kugusa udongo ni malipo ya kosa. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunza, watoto wajue kwa nini mbolea hii na si ile, wapange na wagawane wanachopata. Tumebaki na jembe, tukatupa somo.

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali, mwenye kupinga, karibuni.

Mama wa watoto watatu, Iringa
Mwalimu, shikamoo. Nimesoma yote. Mimi ni mzazi na nitasema wazi: nimeuza mahindi ili mwanangu asome atoke shambani. Sasa shule inampeleka tena mferejini kumwonesha majaruba? Ndiyo maisha niliyomkimbiza. Nataka awe daktari.

Mleta uzi
Marahaba mama. Nakuelewa, na mama yangu alisema maneno hayohayo. Akiwa na alama za udaktari mimi ndiye nitakayemkalia asibweteke. Ninaowahofia ni wale themanini kati ya tisini ambao hawatafika huko na ambao kwa sasa hatuna cha kuwaambia zaidi ya pole. Halafu mama, fundi anayepima maji maabara, anayefunga pampu ya umeme wa jua, anayesoma mvua kwenye kituo cha hali ya hewa, hao hawajarudi shambani. Shamba lako linawategemea. Kama unaweza, njoo siku ya wazazi, tuketi na mwanao, tuangalie daftari lake pamoja.

Mhitimu wa misitu, Mufindi
Mkuu, uzi mzuri ila nitaweka uchungu kidogo. Nimesoma Olmotonyi, Arusha, stashahada ya misitu. Nilipomaliza nilikaa nyumbani miaka miwili. Ajira za serikali zinatangazwa chache, tunaomba wengi. Tulipokuwa chuoni kila mgeni alituambia "ajira za kijani ndiyo dunia ya leo", tukapiga makofi. Naomba sana msiwadanganye hao watoto.

Leo nafanya kazi, sikatai. Nina kitalu cha miche ya misindano na milingoti, nawapimia watu ujazo wa mbao kabla hawajauza shamba la miti, maana mkulima asiyejua kupima anapunjwa mchana kweupe. Huku kuna Sao Hill, shamba kubwa la miti la serikali, na pembeni yake wananchi wana mashamba yao madogo kila kilima. Kazi ipo. Haikuja na barua ya ajira, ndicho ninachosema. Chuoni nilifundishwa kupima mti vizuri sana, sikufundishwa kuandika mkataba wala kupanga bei. Ningejua mapema ningechukua Biashara badala ya kuikimbia.

Mleta uzi
Mkuu, asante kwa kweli hii. Nitaiingiza kwenye matembezi ya mwaka huu, kwa ruhusa yako, bila kukutaja. Nimekuwa nikiwaambia watoto chuo kipo wapi na kinataka masomo gani. Sijawahi kuwaambia swali la tatu: ukimaliza, nani atakulipa, na kwa njia gani? Mshahara, mkataba wa msimu, au unajitafutia wateja mwenyewe? Hayo ni maisha matatu tofauti na mtoto ana haki ya kuyajua. Na ulichosema juu ya Biashara kimenigusa, maana mimi ndiye niliyekuwa nawaambia waliobaki na sayansi waachane nayo.

Nikuulize: mtoto wa kidato cha pili akikutembelea kitaluni siku moja, ungemwonesha nini kwanza?

Mhitimu wa misitu, Mufindi
Ningemwonesha miche iliyokufa. Ningemwacha aniambie kwa nini. Anayeuliza maji, anayeuliza udongo, anayechimbua mizizi aangalie, huyo ni mtu wa misitu. Anayesema "pole" ni mtu mwema tu.

Mwalimu mwenzenu, Shinyanga
Naongezea la huku Usukumani. Nyerere alituonya miaka ya themanini kwamba Shinyanga inageuka jangwa, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa hifadhi ardhi, HASHI. Wataalamu walikuja na miche ya kisasa, lakini kilichorudisha miti kwa wingi ni ngitili, ule utaratibu wa wazee wetu wa kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili majani yafunguliwe kiangazi. Unafunga, visiki vinachipua vyenyewe. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Ninachotaka kusema: mwalimu, usiishie kuwaonesha watoto wenye vyeti. Mzee anayejua lini ngitili ifungwe na lini ifunguliwe ni mtaalamu. Mimi huwa nawapa watoto kazi ya kumhoji babu au bibi, waandike kwa Kiswahili na kwa Kisukuma majina ya miti na kazi yake. Ndipo nawaambia: ukienda SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kusomea misitu, utakuta haya unayoyajua yana majina ya Kilatini. Mtoto anaondoka ametembea wima.

Mdau kutoka Jambiani, Unguja
Nasi huku pwani tuna letu. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara mwaka 1989 na kimesomesha watoto wengi, mimi nikiwa mmoja, kwa mikono ya mama. Sasa maji ya pwani yamekuwa ya moto, mwani ule mnene unaolipwa vizuri unaoza na kukatika kabla ya kuvunwa, na kina mama wanatakiwa kwenda maji ya kina kirefu wakati wengi hawajui kuogelea. Shuleni kwetu hakuna hata siku moja mwalimu wa sayansi aliyetupeleka pwani kutuonesha kwa nini. Tulikuwa tukisoma usanisinuru kwa mchoro wa mmea wa maharage, na mwani upo mita mia mbili kutoka darasani. Nilikuja kujua kuna watu wanalipwa kuchunguza mwani nikiwa na miaka ishirini na sita. Nimelisoma la yule binti wa geji nikajiona mimi.

Mwalimu mkuu mstaafu, Morogoro
Nina swali moja. Mnazunguka mbali, jiko la shule je? Taifa lina mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na shule zetu nyingi bado zinapikia kuni. Pigeni hesabu ya kuni na watoto, hapohapo nyuma ya bwalo.

Mleta uzi
Mwalimu mkuu, shikamoo. Umenipa kazi ya Jumatatu. Tutampimia mpishi wetu kuni za wiki nzima kwa mizani ya mpunga, watoto wa Hisabati wafanye hesabu, kisha tutafute fundi wa majiko banifu, yale yanayotumia kuni kidogo, aje aulizwe maswali.

Mwenzangu wa Shinyanga, la kuhoji wazee nalichukua lilivyo. Ndugu wa Jambiani, umeniliza.

Wengi wameniuliza faragha yule binti yuko wapi. Hakupangiwa HKL. Yupo nyumbani, na baba yake mdogo amehamia Chunya, kwa hiyo daftari la geji sasa linaandikwa jina lake mwenyewe. Mwezi uliopita alikuja shuleni kuniuliza kama anaweza kurudia Fizikia na Kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza. Jioni nitamfundisha hesabu, na mwenzangu wa Kemia amekubali siku za Jumamosi. Kinachotukwamisha ni mazoezi ya vitendo, kwa sababu maabara yetu bado ni chumba chenye meza tu. Mwenye kujua kituo chenye maabara kamili kinachopokea watahiniwa wa kujitegemea, popote kati ya Makambako na Mbeya mjini, tafadhali aniandikie kabla usajili haujafungwa.